Baiskeli Imelala

Kwetu Busia, miaka ile ya sitini, ukitaka kujua mwanamke mwenye mimba amebakiza muda gani, na hutaki kumwaibisha mbele za watu, ulimwuliza tu, "Baiskeli italala lini?" Akikujibu "Bado bado," mliendelea na habari za bei ya mahindi. Akinyamaza akashika kiuno, ulimpokea kapu. Na ukisikia mtu anasema sokoni kwamba leo baiskeli imelala kwa fulani, hukuwa na haja ya kuuliza zaidi. Mtoto alikuwa njiani.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya Mkunga. Alikuwa na jina la nyumbani na jina la ubatizo, lakini sikuwahi kusikia mtu akiyatumia. Hata padri alimwita Mkunga. Mimi nilikuwa nauza samaki wakavu kutoka Budalang'i, meza yangu iko hapo hapo kando ya geti la soko, kwa hiyo nilimwona akipita miaka nenda miaka rudi. Mengi ninayosema hapa niliyaona kwa macho yangu. Yale ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe, na yeye alikuwa mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo ukitaka punguza kidogo.

Kitu cha kwanza: hakujua kushuka kwenye baiskeli. Kupanda alijua, kuendesha alijua, tena alitupita wanaume wenye mizigo ya kahawa pale kwenye mteremko wa boda ya Uganda akiwafokea wampishe. Lakini kushuka taratibu kama watu wengine hakukumhusu. Akifika alikoitwa aliruka, baiskeli akaiachia ianguke chini, na yeye tayari yuko mlangoni anauliza maji ya moto yako wapi. Fundi mmoja Mganda karibu na boda aliwahi kumwekea stendi kwa hisani. Haukupita muda Mkunga akarudi kutaka ing'olewe.

"Nyabo, baiskeli bila stendi ni aibu," fundi alimwambia kwa heshima ya Kiganda.

"Ssebo, aibu ni mtoto kuzaliwa mimi nikiwa bado nasimamisha vyuma."

Stendi ikang'olewa. Fundi akabaki nayo, na akasema hata kuiuza ataona haya.

Sasa, haraka yake hiyo ilituzalia desturi. Simu hakukuwa, na Mkunga hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Leo yuko Nambale, kesho yuko Malaba, na katikati ametoweka kwa watu wa Adungosi. Mtu ambaye bibi yake amezidiwa alishika njia na kuuliza kila aliyekutana naye, "Baiskeli umeiona imelala wapi?" Ilikuwa rahisi kuijua. Bango la nyuma, lile la kuzuia tope, alilipaka rangi nyeupe, na kwenye mhimili alifunga kitambaa chekundu. Daima aliiacha kando ya barabara, mahali pa wazi, hata kama nyumba aliyoitwa iko ndani shambani. Hakuna aliyeigusa. Watoto waliizunguka, ng'ombe walifukuzwa wasiikanyage, na wezi wetu, maana tulikuwa nao na tuliwajua, waliipita wakitazama pembeni. Ukiiona imelala, unajua yuko umbali wa kusikia ukipiga kelele.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alivuta kiko, na akialikwa kwa Wateso kwenye pombe ya mrija alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuuachia mrija. Jumapili alikuwa kanisani mstari wa mbele, anaimba kwa sauti ya juu na ya makosa, akiwakazia macho wote aliowakuta kwenye chungu jana yake. Alihubiri uvumilivu kwa wanawake walio kwenye uchungu, ilhali yeye mwenyewe hakuweza kusubiri chai ipoe. Alikunywa ikiwa ya moto, akaungua, akailaumu chai.

Na aliogopa kuku. Mtu ambaye damu haimtishi, ambaye nilimwona akimtoa nyoka ndani ya nyumba ya mzazi kwa mwiko wa kusongea ugali, alikuwa akiona kuku anamjia anapanda juu ya kiti. Hii ilikuwa shida kubwa, kwa sababu kwetu mkunga alikuwa anashukuriwa kwa kuku. Baba wa mtoto anatokea anatabasamu, kuku mkononi, na Mkunga anarudi nyuma hatua kwa hatua akisema, "Asante baba, mfunge. Mfunge miguu. Mfunge na mdomo." Mara nyingi kuku hao niliishia kuwala mimi, naye akachukua samaki. Sikulalamika.

Wanaume aliwatesa. Alikuwa na msemo wake: "Kuzaa si ugonjwa, ugonjwa ni yule aliyesimama mlangoni." Mume akizunguka zunguka akiuliza kama kuna lolote, alimtuma kuni. Akirudi na kuni, alimtuma maji. Akirudi na maji, alimwambia kuni zile ni mbichi. Mtoto akishazaliwa alimwita ndani, akamkalisha, akampa mtoto, na kumwambia kwa upole ambao hukuutarajia, "Umefanya kazi nzuri, baba." Wanaume wazima walilia hapo. Sielewi alifanyaje, lakini hakuna mwanaume Busia aliyemchukia.

Isipokuwa kaunsili, na hata hao si kwa muda mrefu.

Kaunsili ilikuwa imepata madiwani wapya wenye suti na ari. Walitaka mji upendeze. Wakapaka chokaa ofisi yao, wakaondoa mbuzi barabarani, na siku moja nikafika kwenye meza yangu nikakuta kibao kipya: NI MARUFUKU KUSIMAMISHA BAISKELI MBELE YA GETI HILI. Baiskeli zote zikaagizwa zipelekwe kwenye uwanja nyuma ya machinjio. Kwa sisi wachuuzi haikuwa mbaya. Baiskeli za wabeba kahawa zilikuwa zikinizibia wateja.

Juma hilo hilo bibi wa Mwislamu muuza vitambaa, ambaye duka lake linagusana na ukuta wa soko, akashikwa na uchungu asubuhi. Mkunga akaja kwa mwendo wake, akaruka, baiskeli ikaanguka chini ya kile kibao kipya, na yeye akaingia nyumba ya nyuma ya duka. Hakusoma kibao. Sidhani hata angekisoma kama angepewa siku nzima.

Askari wa kaunsili alikuwa kijana, mgeni kazini na mgeni mjini, viatu vikubwa, kofia mpya. Hakujua lolote kuhusu baiskeli ile. Aliitazama, akatazama kibao, akainama akaiinua. Soko lote likageuka kutazama. Mimi nikapata sauti kwanza.

"Wewe kijana, nani amekuambia uguse hiyo?"

"Ni sheria, mama."

"Sheria gani? Hiyo ni ya Mkunga. Yuko hapo ndani, anazalisha."

"Basi akimaliza aje ofisini alipe faini, apewe."

Akaibeba begani. Niliacha samaki wangu nikamfuata mpaka ofisi za kaunsili nikimpigia kelele, na wanawake wengine wakanifuata mimi. Haikusaidia. Pale ofisini alitaka kuiegemeza ukutani, karani akatoka mbio akamkataza, chokaa bado mbichi. Stendi haina. Kwa hiyo askari akafanya jambo pekee lililobaki. Akailaza chini, katikati ya uwanja wa kaunsili, mbele ya mlango mkubwa, kila apitaye barabarani anaiona.

Hapo ndipo walipojiletea balaa.

Jioni ile ile mwanaume wa upande wa Nambale alifika anahema, akaiona baiskeli, akaingia moja kwa moja ofisini kwa karani. "Mkunga yuko chumba gani?" Karani akamwambia hapa ni kaunsili. "Najua ni kaunsili. Nani anazaa?" Kesho yake wakaja wengine. Kesho kutwa akaja mama mkwe mkali aliyekataa kuondoka, akafungua milango yote ya ofisi mmoja mmoja akitafuta mzazi, hadi wa msalani alimokuwa diwani mmoja.

Sisi wanawake wa soko tulichanga faini, tukampelekea Mkunga. Alizitazama pesa, akaturudishia.

"Nikilipa, nimekubali," alisema. "Nikishakubali, kila siku nitatakiwa niipeleke nyuma ya machinjio. Nani atanipata kule? Nzi?"

"Lipa sasa, ugombane baadaye," nikamwambia.

"Mama samaki, faini ni kitu kidogo. Mimi nataka niruhusiwe kuilaza mahali watu wanaiona. Hilo tu. Nitakata rufaa."

Akaenda kwa karani akakata rufaa, kwa mdomo, karani akaandika. Akaambiwa kamati itakaa Alhamisi. Akasema sawa, nitasubiri. Akaketi kwenye baraza ya ofisi na mkoba wake na kiko chake.

"Mama, Alhamisi bado," karani alimwambia.

"Najua. Lakini watu wanafuata baiskeli, na baiskeli iko hapa. Kwa hiyo na mimi niko hapa."

Ndivyo ofisi ya kaunsili ikawa ya Mkunga. Akiitwa, alipanda nyuma ya baiskeli ya aliyekuja kumwita, huku akimwagiza karani, "Akija mtu mwambie niko kwa kina Ojiambo, nyumba ya pili baada ya kinu." Na karani, aliyesomea mambo ya ushuru, akajikuta anaelekeza waume wenye jasho njia za kwenda mashambani. Siku ya tatu nilimsikia akimuuliza mmoja wao, kwa sauti ya mtu mzoefu, maumivu yanakuja kwa kasi gani.

Alhamisi nilifunga meza, maana mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Madiwani watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti katikati, mtu mnene mwenye sauti nzuri ambayo aliipenda mwenyewe. Askari alisimama pembeni ameshika kofia. Karani akasoma kosa.

"Mama," mwenyekiti akasema, "kibao ulikiona?"

"Sikukiona, mzee. Lakini nimesomewa baadaye."

"Kinasema nini?"

"Kinasema ni marufuku kusimamisha baiskeli."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mimi sijasimamisha baiskeli tangu stendi ilipotoka. Yangu ililala."

Mimi ndiye niliyeanza kucheka, watu waliojazana madirishani wakafuata. Nilicheka mpaka nikashika meza. Diwani mmoja akafunika mdomo. Mwenyekiti hakupenda. Akagonga meza, akasema kamati haikukaa hapa kuchezewa maneno. Karani naye akaongeza kwamba sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake baiskeli ikiachwa imeachwa, imesimama au imelala. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba kwa hiyo kamati haina budi. Nilimwona Mkunga amekaza mikono juu ya mkoba, na sijawahi kumwona akikaza kitu.

Neno "budi" lilikuwa bado liko mdomoni mwa mwenyekiti pale baiskeli nyingine ilipoingia uwanjani. Mwanaume anaisukuma, na kwenye karia amekaa mwanamke, macho yamefumbwa, anashika mabega ya mume. Walikuwa wametoka Adungosi. Waliona bango jeupe na kitambaa chekundu, wakajua wamefika.

Mkunga hakuomba ruhusa ya kamati. "Meza hiyo," alisema, "toeni makaratasi." Madiwani wakayatoa. "Na nyinyi tokeni." Wakatoka. Diwani mmoja alipochelewa kidogo akitafuta kalamu yake, akatumwa kuni.

Tulisimama nje kwenye jua, sisi wachuuzi na waheshimiwa pamoja. Mwenyekiti alivua koti. Yule baba wa mtoto alizunguka akiuliza kila mtu kama kuna lolote, na mwisho akamuuliza mwenyekiti, naye mwenyekiti akamshika mkono akamwambia, vumilia, kijana, mimi nimepitia haya mara saba. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akiongea kwa sauti ya kawaida. Kisha mtoto akalia humo ndani, sauti kubwa, na watu wote uwanjani wakapiga makofi kana kwamba diwani amemaliza hotuba.

Mtoto alikuwa wa kiume. Mama yake alikuwa mtu wa Marachi, na kwetu Waluhya mtoto akizaliwa watu wakiwa wamekaa mkutanoni huitwa Barasa. Hapakuwa na mjadala.

Kamati ikaendelea nje, chini ya bendera, maana chumba hakikufaa tena. Mwenyekiti alijifuta uso akamwambia karani asome kibao. Karani akasoma.

"Kibao kimeandikwa lugha gani?"

"Kiswahili, mzee."

"Na wananchi wanasoma kibao au wanasoma sheria iliyofungiwa kabatini kwako?"

"Wanasoma kibao."

Akanigeukia. "Shahidi. Wewe ulikuwepo. Baiskeli ilikuwa imesimama?"

"Hapana, mzee. Ilikuwa imelala."

"Imelala kabisa?"

"Kabisa, mzee. Upande wa kushoto."

"Basi kosa halipo," mwenyekiti akasema. "Faini imefutwa. Na baiskeli ya mama huyu ilale popote ionekane na watu. Karani, andika. Halafu askari, tafadhali, iondoe hapa kwetu leo hii."

Yule askari aliibeba mwenyewe mpaka barabarani. Mkunga akatoka ananawa mikono, akampokea, akamshukuru, akamwita mwanangu. Niliona ni ukarimu wa mtu aliyeshinda. Mwaka huo huo alimzalishia mtoto wa kwanza, na baadaye wengine, na kijana yule akawa ndiye anayefukuza ng'ombe wasiikanyage.

Mara ya mwisho nilimkuta Mkunga huko Malaba, muongo ule unaelekea kuisha. Magoti yalikuwa yamekataa, akawa anakaa kwa mpwa wake karibu na reli. Nilimpelekea samaki. Tulikaa uani tukibambua njugu, treni ya mizigo ikipita polepole kuelekea Uganda, na kwa kuwa nilitaka kumchangamsha nikaanza kumkumbusha kamati, yule diwani na kuni zake, Barasa ambaye sasa anachunga mbuzi. Nikaigiza sauti ya mwenyekiti. Alicheka, kisha akaendelea na njugu zake.

"Siku ile askari alipoichukua," akasema, "kuna mtu alikuja kunitafuta. Mchana. Wewe hukuwepo mezani."

Nikamwambia sikuwepo, nilikuwa nimemfuata askari.

"Alitoka mbali kwa miguu. Alizunguka soko, hakuona baiskeli, na wenye kujua nilipo mlikuwa mmeondoka, akasema hayupo mjini huyu. Akarudi kwake. Mimi niko nyuma ya duka la vitambaa hapo, ukuta tu katikati. Alinieleza baadaye mwenyewe. Hakujua kwamba siku anayonieleza ndiyo ile ya askari."

Nikamuuliza bibi yake alipona.

"Bibi alipona," akasema. "Mtoto hakupona."

Njugu zikanikaa mkononi. Nikamwambia, lakini Mkunga, kwa nini hukusema? Ungesema hilo kwenye kamati, wangefuta faini ile palepale, hata kibao wangeking'oa. Hukuwa na haja ya kubabaisha na kusimama na kulala.

"Yule kijana alikuwa amesimama pale na kofia yake," akasema. "Alitumwa tu. Bibi yake alikuwa ana mimba ya kwanza. Ningelisema hilo neno mbele ya watu, angelala nalo mpaka anakufa. Nilikuwa nimetafuta tangu aliponieleza yule baba kitu kingine cha kusema, kitu cha kuchekesha, na niliogopa kwamba hakuna atakayecheka."

Nilikuwa nalia, sitaki kuficha, na yeye akaniwekea njugu zilizobambuliwa kwenye kiganja, moja moja, hadi nikanyamaza.

"Wewe ulicheka wa kwanza," akasema. "Nilikushukuru sana."